Mwaka wa Kupima Njia ya Maji

Nyokabi alinipigia simu saa nne ya asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya jikoni nachambua maharagwe. Siku hizi kazi yangu kubwa ni hiyo, kuchambua maharagwe na kungoja jua lifike kwenye magoti. Nyokabi nilisoma naye kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na si mtu wa kupiga simu ovyo. Akipiga, ama kuna aliyekufa ama kuna anayeoa. "Wangui, uko mzima?" aliuliza. Nikamwambia niko, ni magoti tu. Ndipo akasema: "Mwalimu Barasa ametuacha. Kijana yake ndiye amenipigia. Wanazika Jumamosi, huko kwao magharibi, na ati wanataka mtu mmoja wa Nyeri aongee dakika tatu. Nimewaambia ni wewe." Nilimuuliza kwa nini mimi. "Si wewe ndiye ulifuata kazi yake?" akasema, na sikusikia kejeli yoyote katika sauti yake, ingawa nilitega sikio niisikie.

Sikwenda. Nilisingizia magoti, na magoti yangu ni shahidi mzuri, hakuna anayebishana nayo. Lakini ukweli ni kwamba sikujua ningesema nini kwa dakika tatu mbele ya mjane na hema lililojaa watu. Ningesema alikuwa mwalimu mzuri? Hilo hata mtoto wa jirani angeweza kulisema. Nimefundisha jiografia zaidi ya miaka thelathini, Othaya, Karatina, kisha Kerugoya hadi nilipostaafu, na kila nilipoingia darasani na ramani imekunjwa kwapani niliukumbuka mwaka mmoja tu, ule wa kidato cha nne. Sijawahi kuusimulia wote. Nimechoka kuubeba, basi acha niuweke hapa.

Shule yetu ilikuwa ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, juu ya mgongo mmoja wa kilima upande wa magharibi wa mji wa Nyeri, mahali ambapo kahawa inaishia na chai inaanza. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na kila mgongo ulitaka shule yake, hata kama shule yenyewe ilikuwa vyumba vinne vya mabanzi vyenye nyufa zinazopitisha kidole. Chumba chetu kilinuka sweta zenye unyevu na mavumbi ya chaki. Mvua ya Aprili ikianza kupiga mabati, mwalimu yeyote alinyamaza, akakaa, akangoja, nasi tukakaa tukitazama maji yakipita chini ya mlango. Ukutani kulikuwa na ramani moja ya dunia, ya kitambaa, iliyopasuka kwenye kunjo kiasi kwamba nusu ya bahari ilining'inia. Mchana tulikula githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kwenye sahani za bati, tukiwa tumesimama nyuma ya jikoni kwenye kijua, wasichana upande huu na wavulana upande ule, na mpishi akitupigia kelele tumrudishie vijiko.

Barasa alikuja akiwa na sanduku la bati, baiskeli na mwavuli mkubwa mweusi. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha tunyamaze ili tumsikie. Mke wake na watoto wawili walikuwa wamebaki nyumbani kwao magharibi, na yeye alipanga chumba sokoni, nyuma ya bucha. Watu wa mgongo wetu hawakuwa wamezoea walimu wa kutoka mbali. Walimwita "yule wa huko," na wamama sokoni walikuwa wakimwongezea viazi juu ya kipimo kwa sababu walimhurumia mwanamume anayejipikia. Hakuwahi kuvikataa. Kumbe hakuwa akivila vyote. Siku moja alikuja darasani na kiazi kikubwa mfukoni, akatoa kisu, akakikata nusu, akaiweka nusu moja mezani kama kilima. Kisha akaikata vipande vya kulala, kimoja juu ya kingine, na kila kipande akakizungushia chaki ubaoni, kikubwa nje, kidogo ndani. "Haya," akasema, "sasa huu ndio mlima wenu, mkiutazama kutoka juu kama mwewe." Masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza, lakini Barasa alipotaka jambo likuingie alirudi kwenye Kiswahili. Tangu siku ile sikuwahi kuogopa mistari ya kontua. Nimekata viazi mbele ya wanafunzi kwa miaka thelathini, na kila mara nimesikia kicheko kilekile cha kwanza, kisha kimya kilekile.

Tulisoma mambo ya mbali. Ngano ya Kanada, makaa ya mawe ya Wajerumani, Waholanzi wanaoifukuza bahari kwa kuta. Nilijua idadi ya maziwa makubwa ya Amerika na majina yake kwa mpangilio, lakini sikuwa nimewahi kuona shamba la ngano, ingawa ngano ililimwa huko Timau, upande wa pili wa mlima tuliouona kila asubuhi mawingu yakiwa hayajapanda. Barasa alilijua hilo na lilimkera. Muhula wa pili ulipoanza alituambia kwamba mtihani utakuwa na swali la ramani, na kwamba shule ina ramani tatu tu za mazoezi ya kupima kwa wanafunzi thelathini na mmoja. "Siwezi kuomba nyingine," alisema. "Basi mtachora yenu. Mtachora huu mgongo mnaokanyaga."

Ndivyo tulivyoanza. Alikwenda ofisi ya ardhi mjini akanakili kwa mkono, kwenye karatasi ya kupitisha mwanga, mchoro wa mashamba ya mgongo wetu kama yalivyopimwa wakati wa kugawa ardhi upya, siku za mzungu. Aliazima utepe wa kupimia, akatuchongea fito na kuzipaka rangi nyekundu na nyeupe. Kila Jumatano alasiri tulitoka. Nyokabi alishika ncha ya utepe kwa sababu alikuwa na miguu ya mbuzi, hakuna mtelemko uliomtisha. Mimi nilishika daftari kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Nyokabi alisoma kipimo kwa sauti, mimi nikakirudia, yeye akasema "ndio," ndipo nikaandika. Tulipita kwenye vichaka vya chai, tukavuka mfereji, tukahesabu mibuni, tukaandika nani amepanda nini. Wamama waliokuwa wakilima walisimama na majembe yao wakatucheka. "Mnapima nini nyinyi? Mnataka kukinunua hiki kilima?" Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilijiona mtu mkubwa. Sijui kama nimewahi kufurahi tena namna ile, kwa kitu kidogo namna ile.

Ilikuwa Jumatano ya nne au ya tano tulipofika kwenye njia ya maji. Nilikuwa nikisikia habari zake kila siku jikoni kwetu, lakini nilizisikia kama unavyosikia jogoo. Mama na jirani zake walikuwa wakikaa kwenye mawe karibu na moto, wakimenya viazi, na maneno yao yalikuwa yaleyale: mgongo unauma, mtelemko wa josho unateleza, fulani ameanguka na mtungi. Zamani njia ya kwenda chemchemi ilishuka moja kwa moja kutoka barabarani. Kisha Mzee Gakuru akapanda ua wa kayaba, akaongeza mistari ya kahawa, na njia ikaisha. Haikufungwa kwa siku moja. Ilisongwa, mwaka huu hatua moja, mwaka ujao mbili, mpaka wanawake wakajikuta wanazungukia kwenye josho la ng'ombe, mbali mara mbili, na kupanda ule ukingo wa udongo mwekundu huku wamebeba maji mgongoni, kamba ikiwa imewakaza paji la uso. Hakuna aliyekwenda kumuuliza Mzee Gakuru. Yeye ndiye aliyetoa kiwanja cha shule. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi. Barua yoyote ya mtoto wa mgongo ule kwenda chuo au kazini ilipitia mkononi mwake.

Barasa hakuyajua hayo, au aliyajua nusu. Alisimama kwenye jiwe la mpaka kando ya barabara, akatazama karatasi yake, akatazama ua, akaitazama karatasi tena. "Pimeni kutoka hapa hadi kwenye ua," alisema. Nyokabi akasoma futi arobaini na mbili. Barasa akasema tupime tena. Arobaini na mbili. Akachukua utepe mwenyewe, mimi nikashika ncha nyingine, na miiba ya kayaba ikanichoma mkono. Arobaini na mbili. Ua ulikuwa umevuka mpaka kwa futi hizo zote, umeimeza njia na kipande cha ardhi ya chemchemi. Mvulana mmoja nyuma akaguna. Niliuliza niandike nini, na nakumbuka Barasa alikuwa akiupangusa utepe kwa kitambaa, polepole, bila kunitazama. "Andika mlichopima," akasema.

Ramani yetu ilitundikwa ukutani siku ya wazazi. Ilikuwa kubwa kama shuka la kitanda, karatasi sita zilizounganishwa kwa gundi ya unga wa ngano, mistari kwa wino, mashamba kwa kalamu za rangi: chai kijani kibichi, kahawa kijani kizito, malisho manjano. Wazee waliingia wakiwa wameshika kofia, wakatafuta mashamba yao, wakayapata, wakaitana. Kulikuwa na furaha mle chumbani. Kisha akaja mama mmoja mzee ambaye hakujua hata herufi moja. Aliweka kidole kwenye mto, akaufuata kwa kidole hadi kwenye duara dogo la bluu, akauliza, "Hii ni chemchemi?" Nyokabi akamwambia ndiyo. Mama akapandisha kidole kwenye mstari mwekundu wa vitone ulioanzia kwenye duara hadi barabarani, na mstari ule ulipita katikati ya kijani kizito cha kahawa ya Mzee Gakuru. Alicheka kwa sauti, akageuka akawaita wenzake. Walikuja wanawake saba au wanane, wakasimama pale mbele, mama yangu akiwa miongoni mwao. Walisimama tu wakitazama, kama watu waliooneshwa picha ya ndugu yao aliyepotea.

Mzee Gakuru aliingia nyuma yao, koti lake la sufu limefungwa vifungo vyote. Wanawake walimpisha. Alitazama ramani muda mrefu kwa mtu asiye na miwani. "Mwalimu," akasema, "hii ramani yako iko na makosa."

"Si yangu, Mzee. Ni ya wanafunzi."

"Hata kama. Iko na makosa. Mimi ni mtu nimeishi hapa, na wewe umekuja juzi."

"Tulipima mara tatu, Mzee. Mstari ule mwekundu umetoka kwenye mchoro wa serikali."

"Serikali," alisema Mzee Gakuru, kana kwamba neno lenyewe ni la kitoto. "Na nani aliandika hizi namba?"

Barasa aliinama akaokota kalamu moja ya rangi. Lakini jina langu lilikuwa pale chini, kwenye kona, kwa mwandiko wangu ule mzuri: Vipimo vimeandikwa na Wangui.

Niliitwa ofisini Jumatano iliyofuata. Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa chumba kidogo chenye meza moja, kabati lisilofungika na kalenda ya duka la mbolea. Mkuu wetu, Bwana Nderitu, alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole ambaye hakupenda ugomvi, na nimejifunza baadaye kwamba watu wapole wasiopenda ugomvi ndio hukupeleka mahali pabaya bila kukusukuma. Mzee Gakuru alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, anakunywa chai na mkate. Aliuchovya mkate kwenye chai, akangoja ulainike, akaula. Mimi nilisimama. Sikuwa nimekula tangu asubuhi na ile harufu ya chai ya maziwa ilinifanya mate yajae.

"Wangui," alisema mkuu, "wewe ni msichana mzuri. Mwaka huu unafanya mtihani, na tunataka uende chuo cha ualimu. Mzee hapa ndiye atakuandikia."

"Ndio, Mwalimu."

"Sasa, hii kazi ya kupima. Nyinyi ni wanafunzi. Utepe unaweza kupinda, si ndio? Mtu anaweza kusoma vibaya."

Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, na kulikuwa na ufa uliotoka mlangoni hadi chini ya meza. Mzee Gakuru aliendelea kula.

"Ninauliza tu," alisema mkuu. "Inawezekana kwamba ulikosea?"

Katika maisha yangu nimeulizwa maswali mengi magumu zaidi. Nimeulizwa kama niuzime mtambo uliokuwa ukimsaidia mume wangu kupumua. Lakini hilo ndilo ninalolisikia bado, kwa sauti ileile ya upole. Nilijua hesabu. Nilihisi bado miiba ya kayaba mkononi. Nikasema, "Inawezekana."

"Basi," alisema mkuu, akaandika kitu kwenye karatasi. Nyokabi alikuwa mlangoni, anangoja zamu yake. Nilipita kando yake bila kumtazama, na kupitia nyufa za mabanzi nilimsikia akijibu kwa ile sauti yake ya kuita mbuzi, "Hakuna makosa, Mwalimu. Hata leo twendeni tupime." Hakuna kilichompata Nyokabi. Hilo ndilo limenichosha zaidi miaka yote hii. Hakupigwa, hakufukuzwa, alifanya mtihani wake, akaenda kusomea uuguzi. Alisema kweli na dunia haikuanguka.

Ramani iliondolewa ukutani. Baada ya siku tisa ikaja barua ya uhamisho, na Barasa akapelekwa Timau, kwenye baridi. Aliondoka Ijumaa asubuhi. Kondakta alipandisha baiskeli juu ya basi, na sisi wanafunzi tukasimama kando ya barabara kwa safu, kwa sababu hatukujua namna nyingine ya kusimama. Alitupa mkono mmoja mmoja. Aliponifikia mimi aliniambia nisisahau kuandika skeli kwenye kila mchoro, kwa sababu watahini hukata alama kwa kitu kama hicho. Niliitikia kwa kichwa tu.

Hatukuletewa mwalimu mwingine. Kuanzia Agosti hadi Novemba Nyokabi ndiye aliyetufundisha. Kipindi cha jiografia kikifika alisimama mbele na daftari la Barasa, lile alilotuachia, akasoma, sisi tukaandika. Asipoelewa alisema hajaelewa, tukalisumbukia pamoja. Mara nyingi alinitazama mimi nimsaidie, kwa sababu nililijua somo lile kumpita, na mara nyingi nilijifanya nimeshughulika na kitabu. Sikuwa na nguvu ya kusimama mbele ya ule ukuta uliobaki mtupu, wenye alama nne za misumari. Hakuniuliza kamwe nilisema nini ofisini. Hadi leo hajaniuliza. Wakati mwingine nadhani hajui. Wakati mwingine nadhani amenisamehe bila kuniambia, na hilo ni zito kuliko kutojua.

Swali la ramani lilikuja, na nikalijibu lote. Majibu yalipotoka mwaka uliofuata nilikuwa nimefaulu, na jiografia ndiyo ilikuwa alama yangu ya juu kabisa. Mzee Gakuru aliniandikia barua ya chuo, kurasa mbili, yenye maneno mazuri. Niliisoma mara moja tu, nikaikunja. Wiki ile ile nilimwambia mama naenda mjini kuona shangazi, nikapanda basi hadi Nanyuki, kisha lingine hadi Timau.

Hapo ndipo nilipoiona ngano kwa macho yangu. Ilikuwa imejaa kila upande, ya rangi ya simba, inainama na kuinuka kwa upepo, na mlima ukiwa umekaa mahali pasipo pake, upande wa kusini, kana kwamba umezungushwa. Nilimkuta Barasa kwenye nyumba ya mbao nyuma ya shule. Mke wake alikuwa amekuja kukaa naye, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka, na watoto wawili walikuwa wakikimbizana na kuku uani. Barasa alinishangaa, kisha akafurahi. "Mke wangu, huyu ndiye Wangui wa mwandiko." Tuliketi kwenye chumba chenye viti viwili na kitanda kilichofichwa kwa pazia. Mama yule alileta ugali, kunde na samaki wakavu waliotumwa kutoka nyumbani kwao. Sikuwa nimewahi kula samaki. Sisi watu wa mlimani zamani zile hatukumla. Nilimmeza hivyo hivyo, na macho yake.

Barasa alipomaliza kula nilimwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Nyeri, lakini yalitoka yamevurugika. Nilimwambia niliulizwa kama ninaweza kuwa nilikosea, nikasema inawezekana, na kwa sababu ya neno langu alihamishwa. Barasa alikuwa akinawa mikono kwenye karai. Aliacha mikono ndani ya maji.

"Uliitwa lini?" akauliza.

"Jumatano, Mwalimu. Ile Jumatano baada ya siku ya wazazi."

Akatikisa kichwa. "Mimi niliitwa Jumatatu," alisema. "Waliniletea barua imeshaandikwa, kwamba ramani ni zoezi la wanafunzi na vipimo vyake si vya kuaminika. Nikatia sahihi."

Sikuelewa. Nilimuuliza alitia sahihi kwa nini.

"Walisema nitafutwa kazi. Hawa wawili wanakula." Alionesha mlango kwa kidevu, huko nje ambako watoto walikuwa wakipiga kelele. "Nilijiambia nitapima tena, nitaandikia ofisi ya ardhi, nitafanya hivi na vile. Sikufanya. Kwa hiyo usijichoshe, mama. Lile neno lako hawakulihitaji. Walitaka tu kuona kama utalisema."

Mke wake alikuwa amesimama kwenye pazia na sahani mikononi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwake pia kuyasikia. Aliziweka sahani chini taratibu, akatoka nje, tukamsikia akiwaita watoto waache kuku. Barasa alinisindikiza hadi kituoni. Tulizungumza kuhusu chuo, kuhusu mvua, kuhusu Nyokabi. Alionekana mzee ghafla, na mimi nilikuwa na hasira naye, hasira ya aibu, kwa sababu nilikuwa nimekuja kuomba msamaha kwa mtu msafi, na mtu msafi hakuwepo. Hatukuonana tena. Tuliandikiana mara mbili au tatu, kadi za Krismasi, kisha basi.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado liko juu kidogo ya chai. Mama alikuwa ametoka tu kuteka maji. Alikuwa ameegemea ukuta wa jikoni, mtungi ukiwa bado mgongoni, anangoja pumzi irudi kabla ya kuutua, na paji la uso lilikuwa na ule mfereji wa kamba ambao haukumtoka mpaka tulipomzika. Nilimsaidia kuutua. Na kwa kuwa kule Timau sikupata wa kunisamehe, nilimwambia yeye. Nilimwambia kuhusu ofisi, kuhusu mkate na chai, kuhusu lile neno moja. Nilimwambia kwamba vipimo vilikuwa sawa, kwamba njia ilikuwa yao kweli, kwamba serikali yenyewe iliichora.

Mama alinisikiliza huku akifungua kamba na kuikunja. Alizungumza Kikuyu, na nimejaribu mara nyingi kuyatafsiri maneno yake bila kuyapunguza uzito.

"Mwanangu," alisema, "sisi tuliipita ile njia tangu tulipoolewa. Unafikiri tulihitaji ramani kujua iko wapi? Kila mtu alijua. Tulikuwa tunangoja nyinyi mliosoma ndio mseme."

Akachukua kata, akanitekea maji, akanipa ninywe kwa sababu nilikuwa nimetoka safari. Nilikunywa yote, yeye akiwa amesimama ananitazama.